Kihispania cha Uzeeni

Kwa zaidi ya miaka sitini niliamini kwamba Paloma ni jina la mwanamke.

Nilikuwa mtoto wa shule hapa Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati mji wetu huu, mji kasoro bahari, ulipokuwa umejaa muziki. Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ndio waliotamba. Wakubwa zetu walitusimulia kwamba bendi yake ya kwanza, aliyoianzisha mwaka 1948, iliitwa La Paloma, na kwamba mdundo ule aliupenda kwa kusikiliza santuri za Cuba, zile zenye alama ya GV. Sisi watoto tulisimama nje ya ukumbi, tukadaka maneno tusiyoyaelewa na kuyaimba kwa sauti kubwa. Huyo Paloma mimi nilimwona kabisa: dada mrefu, mwenye gauni la maua na mwendo wa taratibu. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Paloma wangu akabaki.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa na miaka 73, redio ilipiga ule wimbo wa zamani uitwao La Paloma. Nikamwambia mjukuu wangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, "Huyo Paloma alikuwa mwanamke mzuri sana." Akabonyeza simu yake, akacheka mpaka akakaa chini.

"Babu, paloma ni njiwa!"

Nilicheka naye, lakini usiku sikulala vizuri. Ni mambo mangapi mengine nimeyaimba maisha yangu yote bila kuyajua? Asubuhi nikamwomba aniwekee kwenye simu programu ya kujifunzia Kihispania. Nikanunua na daftari la mistari, nikaandika jina langu juu yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Wazee wenzangu wa barazani waliposikia, mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hicho Kihispania utakwenda kukisemea wapi? Ahera?" Nikamjibu kwamba ng'ombe hazeeki maini.

Ndugu msomaji, sikutegemea kwamba ningefurahi namna ile. Kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni kwamba Mswahili anaingia katika lugha hiyo kama mtu anayeingia nyumba ya jirani. Irabu zao ni zetu: a, e, i, o, u. Herufi yao moja huvishwa kialama mfano wa wimbi juu ya n, na wageni wengi huhangaika nayo. Kumbe ni ile ile ny ya nyumba na nyanya. Ila ukikisahau kialama hicho unapotaja umri wako, unatamka neno ambalo babu wa watu hapaswi kulitamka. Mimi nilikisahau mara tatu.

Kisha nikaanza kukutana na ndugu waliopotea. Mesa ni meza, kwa kuwa neno hili tulilipata kwa Wareno, na Kireno na Kihispania ni watoto wa mama mmoja. Bandera ni bendera. Azúcar ni sukari, na hapo mama ni Kiarabu, kwa sababu Waarabu walitawala sehemu za Hispania kwa karibu miaka 800, tangu mwaka 711 hadi 1492. Hata neno lao hasta, lenye maana ya "mpaka", ni ile ile "hata" ya wazee wetu walipokuwa wakisimulia hadithi: "wakakaa, hata siku moja..." Kila nilipompata ndugu kama huyo nilimwita mjukuu wangu jikoni nimwonyeshe, mpaka akanionya kwamba ugali unaungua.

Vitenzi navyo! Canto, naimba, cantas, unaimba, canta, anaimba. Sisi kitenzi tunakivisha kofia, wao wanakivisha viatu. Nililalamika kwamba meza kwao ni jike wakati ramani, mapa, ni dume. Mjukuu akaniuliza, "Babu, na wewe uliyefundisha watu ngeli, unalalamika?" Nikanyamaza.

Mtu wa kuongea naye nilimpata bila kutarajia. Kulikuwa na sista mmoja kutoka Kolombia, aliyekuja kufanya kazi katika misheni ya huku kwetu na alikuwa bado anahangaika na Kiswahili. Tukakubaliana: kila Jumanne jioni, nusu saa lugha yangu, nusu saa lugha yake. Siku moja tulipanda pamoja na wengine njia ya Morningside, kwenye mteremko wa Uluguru, huku akina mama wa Kiluguru wakitupita na mizigo ya ndizi kichwani kana kwamba wamebeba pamba. Nikasimama kuvuta pumzi, nikatangaza kwamba nimechoka. Kuchoka ni cansado. Mimi nikasema casado. Nilikuwa nimemtangazia sista kwamba nimeoa. Alicheka mpaka akashika mti. Kisha naye, ili kunifariji, akanieleza kwa Kiswahili kwamba yeye hana uvivu: "Mimi huoa kila siku asubuhi, hata kukiwa na baridi." Alitaka kusema huoga.

Tulicheka sote, na hakuna aliyeona haya. Nilipokuwa nikishuka mlima, ndipo lilipoanza kunisumbua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa miaka mingi.

Mimi nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na cheti mkononi na fimbo kwapani. Nilifundisha Kiingereza, baadaye nikawa mkuu wa shule, na nilisifiwa kwa ukali. Mwaka 1979, katika kidato cha pili, kijana mmoja kutoka Mgeta alisimama kujibu swali akakosea wakati wa kitenzi. Lilikuwa kosa dogo, dogo kuliko langu la mlimani. Nilimpandisha juu ya dawati, nikamwamuru airudie sentensi yake yenye kosa mara tano, darasa zima likicheka. Niliona nimefundisha vizuri siku ile.

Kijana huyo leo ni babu kama mimi. Analima kabichi, njegere na viazi huko milimani, na Jumamosi huleta mazao yake Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kila akiniona husema "Shikamoo, Mwalimu," na huniongezea njegere konzi moja. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nikamsimulia habari ya kuoa na kuchoka. Akacheka sana. Nikamuuliza kama anakumbuka siku ya dawati.

Aliacha kupanga viazi.

"Naikumbuka, Mwalimu. Tangu siku ile Kiingereza nilikiandika tu. Sikukisema tena. Wazungu wanaokuja kupanda Lukwangule wakiniuliza njia, nawaonyesha kwa mkono."

Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya wateja. Nilikuwa nimechelewa miaka 45 na zaidi, na radhi iliyochelewa hivyo hairudishi sauti ya mtu. Alinyamaza kidogo, akapima njegere zangu, akaongeza konzi yake kama kawaida. Kisha akasema, "Haya, nifundishe na mimi hicho cha wazee. Lakini usinipandishe juu ya meza."

Nikamfundisha neno moja: paloma. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nampa neno, naye ananipa njegere. Nilimpa la kiazi: la papa. Nikamweleza kwamba kwetu papa ni samaki, huko Amerika ya Kusini la papa ni kiazi, na ukikosea ukasema el papa umemtaja Baba Mtakatifu. Wiki iliyopita nilimsikia kabla sijamwona, akinadi kwa sauti iliyofika mpaka kwenye vitunguu: "El papa! El papa! Fungu elfu mbili!"

Wateja walikuwa wakinunua. Nilisimama nyuma ya magunia nikimsikiliza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu nikaliacha kosa lipite.