Urani Ndani ya Matumbawe

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban mikrogramu 3.3 za urani. Kiasi hicho ni kidogo, lakini hakitofautiani sana kati ya bahari kuu moja na nyingine, kwa kuwa urani katika maji yenye oksijeni huyeyuka kwa urahisi na hubaki majini kwa mamia ya maelfu ya miaka. Atomi yake hushikwa na atomi mbili za oksijeni, moja kila upande, zikiwa kwenye mstari ulionyooka. Umbo hilo, liitwalo uranili, huzungukwa na kabonati tatu, na mara nyingi huambatana na kalsiamu.

Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati za maji hayo hayo, na urani huingia humo. Tumbawe hai huwa na sehemu 2 hadi 3 za urani kwa kila milioni, kiasi kinachokaribia wastani wa miamba ya nchi kavu. Kwa hiyo kuta za matumbawe za Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hazina urani ya kutisha.

Kilicho muhimu zaidi ni kile kisichoingia. Thori haiyeyuki baharini. Hunata kwenye chembe za vumbi na matope, ikazama nazo. Basi tumbawe changa lina urani, lakini thori karibu haimo. Thori-230 inayoonekana baadaye imezaliwa humo humo, urani-234 inapooza kwa nusumaisha ya miaka 245,000 hivi, na hivyo tumbawe lenyewe huwa saa.

Mwaka 1956 Barnes, Lang na Potratz walipima chokaa ya matumbawe iliyochimbwa Eniwetok, katika Pasifiki, wakakuta thori-230 ikiongezeka kadiri mwamba ulivyokuwa mkongwe. Mwaka 1968 Wallace Broecker na wenzake wakatoa umri wa matuta matatu ya matumbawe yaliyoinuka juu ya bahari kisiwani Barbados: takriban miaka 82,000, 103,000 na 122,000. Matuta hayo yalijengeka bahari ilipojaa, na nyakati hizo zilikubaliana na hesabu za Milutin Milankovitch kuhusu mzunguko wa dunia na enzi za barafu. Ni matokeo machache ya jiolojia yanayolingana na hayo kwa uzito. Huku Bahari ya Hindi, Thomson na Walton walipima upya matumbawe ya Aldabra mwaka 1972, nao wakafikia miaka 125,000 hivi.

Vipimo hivyo vyote vilitegemea kusubiri atomi zioze na kuhesabu chembe za alfa zilizotoka, kwa hiyo makosa yalifika maelfu kadhaa ya miaka. Mwaka 1987 Edwards, Chen na Wasserburg walihesabu atomi zenyewe kwa spektrometa ya masi. Kosa kwa tumbawe la miaka 120,000 na ushei likashuka hadi kama miaka elfu moja, na kipande kilichohitajika kikawa kidogo zaidi.

Usahihi huo ulifanya swali la zamani liwe zito: urani imekaa wapi ndani ya fuwele? Mwaka 2000 Richard Reeder na wenzake walitumia eksirei kuchunguza mazingira ya atomi hiyo. Katika aragonaiti, madini ya mifupa ya matumbawe, kila kalsiamu ina oksijeni tisa jirani, na uranili huingia na kabonati zake karibu kama ilivyokuwa majini. Katika kalsaiti kalsiamu ina oksijeni sita tu. Nafasi ni finyu, mpangilio wa uranili hulazimika kubadilika, na kinachoingia ni kidogo. Ndiyo maana magamba ya kalsaiti ya foraminifera, viumbe wadogo wa baharini, huwa na urani kidogo mno kuliko matumbawe.

Tofauti hiyo ndiyo hatari kubwa ya saa hii. Mwamba wa matumbawe ukiinuka juu ya bahari, maji ya mvua huyeyusha aragonaiti taratibu na kuacha kalsaiti mahali pake. Katika badiliko hilo urani yaweza kutoka au kuingia, na umri ukapotoka. Hivyo kipande hukatwa, husafishwa, kisha hupigwa eksirei. Kikionyesha kalsaiti zaidi ya asilimia chache, hutupwa. Hata kikipita, hukaguliwa kama uwiano wake wa awali wa urani-234 kwa urani-238 unalingana na wa bahari, ambao ni karibu 1.15 kwa kipimo cha mionzi.

Kalsaiti ya mapangoni ni jambo jingine: haihitaji kugeuka, kwa kuwa imezaliwa kalsaiti. Urani hufika humo na maji yanayochuja udongoni, thori ikibaki nyuma. Njia hii ya urani na thori huishia kama miaka nusu milioni, thori inapokaribia mizani na urani. Zaidi ya hapo hupimwa risasi, ambayo ndiyo mwisho wa kuoza kwa urani.