Pampu ya Maji ya Motokaa Yetu Kuukuu



Motokaa yetu ni Land Rover ya mwaka 1978, nami naliirithi kwa marehemu baba. Walio na motokaa za namna hii wanajua ya kuwa haziishi kudondosha kitu: leo oili, kesho maji. Hiyo ndiyo sababu sikumsikiliza mwanangu siku aliponiambia, "Baba, chini ya feni kuna kidimbwi cha maji ya kijani." Ana miaka 14. Nalimjibu kwa dharau ya kuwa motokaa hii ilikuwa ikidondosha kabla yeye hajazaliwa, naye akaenda zake kimya.

Wiki tatu baadaye twalishuka Mombo kumpokea mama yangu mzazi, aliyekuwa ametolewa mtoto wa jicho, tumpandishe nyumbani Lushoto. Njia ile ni kilomita 33, tena hupanda kwa kona nyingi, na motokaa iliyochoka haina mahali pa kuvuta pumzi. Twalikuwa hatujafika Soni mshale wa geji ya joto ulipolala kwenye rangi nyekundu, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Nikasimama kando ya njia. Mama, mwenye kitambaa jichoni, akauliza, "Je, ni moshi au ni mvuke?"

Nami kwa haraka na aibu nikatwaa tambara, nikanyosha mkono nifungue kifuniko cha rejeta. Mwanangu akanishika mkono kwa nguvu. "Baba, usifungue!" Hajapata kunishika hivyo tangu kuzaliwa kwake, tena mbele ya bibi yake. Nikamkemea, lakini mkono nikaurudisha.

Maji ya rejeta hubanwa na kifuniko chenye springi, na kwa kubanwa huweza kupita joto la digrii 100 yasichemke. Huku kwetu milimani, yapata mita 1,400 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka karibu na digrii 95 tu. Basi kifuniko kikiondolewa ghafula, maji yale hufoka na kumrukia mtu usoni. Haya nalikuwa nayajua. Nimeyafundisha darasani kwa chaki. Mtoto ndiye aliyeyakumbuka.

Twalingoja saa nzima, wala hatukumimina maji baridi katika injini ya moto, maana chuma chaweza kupasuka. Ilipopoa tukajaza maji, tukapanda polepole, tukisimama mara nne njiani. Tukafika usiku.

Asubuhi nalishika ncha ya feni, nikaitikisa mbele na nyuma. Ikacheza kama jino la mzee. Ndipo nilipojua ya kuwa beringi ya pampu imekwisha. Tena chini ya shingo ya pampu kuna kitundu kidogo, nacho kilitobolewa kiwandani kwa makusudi: sili ya ndani ikichakaa, maji hutokea pale, mwenye motokaa apate kuonywa, wala yasiingie katika beringi. Wako watu wanaokiziba kwa kijiti wakidhani wametengeneza. Ni sawa na kumziba mdomo mlinzi anayepiga kelele za mwizi.

Fundi mmoja alinitajia bei iliyokaribia nusu ya mshahara wangu, tena akataka kukaa na motokaa wiki nzima. Mama alitakiwa kurudi kwa daktari Jumatano. Basi nikanunua pampu mpya na gasketi yake, tukaazimia kufanya kazi wenyewe nyumbani, mimi na mwanangu.

Jumamosi twalianza kwa kufungua waya wa betri, kisha tukayatoa maji katika beseni. Hapa nawasihi wenye watoto wadogo na mifugo: maji yale ya kijani yana dawa ya kuzuia kutu na kuganda, nayo ina utamu, lakini ni sumu. Mbwa huyalamba na kufa. Mke wangu aliyafunika beseni mara moja na kuwafukuza kuku.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Naliulegeza mkanda wa feni na kuuondoa, ndipo nikaja kufungua boliti za feni. Kumbe puli inazunguka ovyo, spana haipati mahali pa kushika. Ikanibidi kuurudisha mkanda na kuukaza ili ushike puli, nikalegeza boliti, nikautoa tena. Mwanangu alitazama upande wa pili wa ua. Nadhani alikuwa akicheka.

Boliti za pampu hazina urefu mmoja. Nyingine ni fupi, na nyingine hupita mpaka katika injini yenyewe. Akachora umbo la pampu juu ya kipande cha boksi, akatoboa matundu, na kila boliti tuliyoitoa akaichomeka mahali pake. Kwa akili hiyo sikumfundisha mimi.

Alasiri ikabaki boliti moja ndefu, nayo imeshikwa na kutu. Nikaingia ndani kunywa chai. Mtoto akavika bomba kwenye mkono wa spana apate nguvu, akavuta, nami nikasikia mlio. Nalipotoka nje nalimkuta amesimama na kichwa cha boliti mkononi. Uso wake nitaukumbuka.

"Nisamehe, Baba," akasema. "Nimeivunja."

Maneno ya kukemea yalikuwa tayari kinywani mwangu, kwa kuwa siku zilikuwa zimebaki chache, na pampu mpya ilikuwa imekula fedha zote. Nikaketi juu ya gurudumu la akiba. Nikamwambia, "Nawe unisamehe. Uliniambia habari za kidimbwi, nisikusikie. Na kule njiani nalikukemea, nawe uliniponya macho." Hakujibu. Akaenda kutafuta mafuta ya kulegeza kutu.

Pampu ya zamani ilipong'oka, kipande cha boliti kilikuwa kimesalia nje, urefu wa pingili ya kidole. Tukakilowesha mafuta. Jumapili hatukugusa spana. Jumatatu baada ya shule tukakibana kwa koleo ya kukaza, tukakizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, tukiongeza mafuta, wala hatukulazimisha. Yapata saa moja ya usiku kikatoka kizima, nasi tukapiga kelele hata jirani akaja kuuliza kuna nini.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Twalikwangua gasketi ya kale mpaka chuma kikawa safi bila kukichubua, tukaweka mpya, tukakaza boliti kwa zamu, huku na huku, ili pampu ikae sawa. Tukajaza maji safi na dawa yake, tukawasha injini kifuniko kikiwa wazi ingali baridi, mapovu ya hewa yakatoka, tukaongeza maji mpaka yakatulia.

Jumatano twalishuka kwa daktari, na jioni tukapanda tena na mama. Pale tulipokwama siku ile mwanangu akaomba nisimame. Akatwaa tochi, akajilaza chini ya motokaa, akamulika kitundu kile.

"Pakavu," akasema.

Bibi yake, aliyekuwa sasa ameondolewa kitambaa, alitoa kichwa dirishani. "Mjukuu wangu, shati lako lina oili mgongoni," akamwambia. "Naiona toka hapa."