Mizani ya Kibarazani

Zahanati yangu ya kwanza ilikuwa Kilolo, mkoani Iringa, na kazi yangu kubwa ilikuwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye boriti ya kibaraza. Mtoto anavalishwa kaptula ya kupimia, anatundikwa, analia. Nasoma kilo, natia nukta kwenye kadi. Ikiangukia kwenye kijani, mama anarudi shambani. Kijivu, maneno mawili ya ushauri. Nyekundu, rufaa. Nilikuwa na mkono mwepesi, nikijiona hodari.

Miaka ikapita ndipo ukaja ubao wa kupimia urefu. Wa kwanza kulazwa juu yake alikuwa mvulana wa miaka miwili, mashavu yamejaa, nukta zote kijani. Mama akamshika kichwa, mimi nikanyoosha magoti. Sentimita 76. Wa umri wake hutarajiwa kufika 87 hivi. Kadi yake niliijaza mwenyewe, mwezi hadi mwezi.

"Ni ukoo wetu, nesi. Sisi wafupi."

Mama huyo alikuwa mnene, akipanda ngazi tatu za kibaraza anahema. Chungu chao kimoja. Akienda shamba alfajiri, mtoto hubaki na dada yake na chupa ya uji wa sembe, mwepesi, sukari nyingi. Tumbo dogo linajaa maji na wanga. Mwili haupati cha kujengea mfupa. Jioni ugali, na mama hula ule ule, mkubwa zaidi, baada ya chai na maandazi. Maharage na mayai?

"Tunauza. Madaftari nitanunua na nini?"

Sikuwa na jibu. Nyuma yangu ukutani palikuwa na bango la samaki mkubwa wa baharini, sijui nani alidhani atapanda milima hiyo. Nikamwambia atwange dagaa na karanga, atie kwenye uji.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipotoka, Iringa, ghala la chakula, ilikuwa na udumavu kwa watoto 57 hivi katika kila 100 walio chini ya miaka mitano. Nchi nzima 30.

Siku ile ya ubao, mama yule alipokuwa akimfunga mtoto mgongoni aliuliza, "Na mimi, nani ananipima?" Tangu ajifungue hakuna aliyempima. Mizani ya watu wazima ilikuwa kwenye chumba cha wajawazito, na ufunguo alikuwa nao mwenzangu aliyekwenda mjini.