Kitenzi Kisichohitaji Msindikizaji

Mwanafunzi wa isimu akipewa neno 'tumeshalipana' alichanganue, hapati taabu. Ataonyesha kiambishi cha nafsi, cha hali timilifu, kile kinachoshadidia kwamba jambo limekwisha, kisha mzizi, kauli ya kutendana na kiishio: mofimu sita ndani ya neno moja, na sentensi imetimia. Hakuna nomino iliyotajwa, ilhali watendaji wamo na tendo limo. Kitenzi cha Kiswahili hujiendea.

Si lugha zote zilizokijalia kitenzi uhuru huo. Miongoni mwa zilizokibana sana ni lugha isiyozungumzwa na mtu yeyote, ijapokuwa huandikwa kila siku duniani kote. Hiyo ni Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa kwa umma na kampuni ya Sun Microsystems mwaka wa 1995. Java ni ya mkondo wa vitu. Katika mkondo huu programu hutazamwa kama jamii ya vitu vinavyoagizana: kitu kiitwacho mwanafunzi hubeba jina, nambari ya usajili na karo inayodaiwa, pamoja na matendo yanayokihusu. Utaratibu huu una manufaa, hasa programu inapokuwa kubwa, maadamu kila jambo lina mwenyewe. Taabu ni kwamba tendo lisilo na mwenyewe halikuwa na pa kukaa.

Chukulia kwamba ofisi ya karo chuoni inataka orodha ya wanafunzi ipangwe kuanzia anayedaiwa zaidi. Kazi ya kupanga kompyuta inaijua. Inachohitaji kuambiwa ni kigezo tu, yaani linganisha deni la huyu na la yule. Hicho ni kitenzi kimoja. Java ya miaka hiyo haikukubali kupokea kitenzi kitupu. Mwandishi alilazimika kuunda kitu kizima kisicho hata na jina, atangaze ni cha aina gani, afungue mabano, atangaze tendo lake, na hapo ndipo aandike ule ulinganisho, kabla ya kuyafunga mabano yote aliyoyafungua. Mistari mitano, na mmoja tu ndio uliobeba ujumbe. Mwaka wa 2006 mwandishi wa programu wa Marekani, Steve Yegge, aliikejeli hali hii kwa kisa cha ufalme wa nomino, ambamo vitenzi haviruhusiwi kutoka nje pasipo kusindikizwa. Kejeli hiyo ilikuwa kali, lakini haikuwa ya uzushi.

Ajabu ni kwamba dawa ilikuwa na umri mkubwa kuliko ugonjwa. Katika miaka ya 1930 mwanahisabati Alonzo Church alibuni mfumo wa kueleza hesabu kwa vitendakazi, yaani kanuni zinazopokea thamani na kutoa nyingine, bila kulazimika kuzipa majina. Alivitambulisha kwa herufi ya Kigiriki, lamda. John McCarthy alipoiunda Lisp kuanzia mwaka wa 1958, aliichukua istilahi hiyo. Java iliikubali mnamo Machi 2014, katika toleo la 8, ikiwa tayari mikononi mwa Oracle iliyoinunua Sun mwaka wa 2010. Tangu hapo kigezo cha ofisi ya karo huandikwa kwa mstari mmoja.

Faida haikuwa ya kuhesabu mistari pekee. Kwa mtindo wa kale, aliyetaka jumla ya madeni aliweka sifuri mahali, akapita jina kwa jina, akauliza kama mwenye jina anadaiwa, akaongeza deni lake juu ya jumla, akaendelea. Msomaji alilazimika kujigeuza kompyuta ili agundue kilichokusudiwa. Kwa mtindo mpya maagizo husomeka kama kauli: kutoka kwa wanafunzi, chuja wanaodaiwa, chukua deni la kila mmoja, jumlisha. Namna ya kupita orodha imeachiwa mashine. Kusudi ndilo lililobaki kwenye ukurasa. Isitoshe, orodha ya awali inaweza kuachwa ilivyo, isiguswe.

Hata hivyo, wasomaji wa ushairi wanaijua inkisari, na wanajua kwamba si kila neno lililokatwa huwa limekatwa vyema. Upo ufupi unaoondoa urasimu, na upo unaomnyang'anya msomaji alichokihitaji. Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, lugha iliyokuwa na lamda tangu mwaka wa 1994, alipendekeza mwaka wa 2005 kwamba iondolewe pamoja na wenzake kadhaa. Lamda ilinusurika. Kile kitendakazi cha kukunja orodha nzima iwe thamani moja hakikubahatika: alikiona kigumu kueleweka kinapotumiwa kwa jambo lililozidi kujumlisha au kuzidisha, na katika Python 3.0 ya mwaka wa 2008 kikahamishiwa maktabani, hakipatikani tena mpaka kiitwe. Wapo walionung'unika. Lakini ni vigumu kumlaumu.

Kwani programu ya karo haiishii kwa aliyeiandika. Ikikosea, anayeumia ni mwanafunzi aliyekwisha kulipa na bado jina lake limo katika orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani. Anayeitwa kutafuta kosa aghalabu ni mtu mwingine, aliyeajiriwa baadaye, na mtihani ni kesho asubuhi. Akikuta vitendakazi vinane vimefumwa katika mstari mmoja, kila kimoja kikitumia herufi moja kwa jina la mwanafunzi, hana pa kuanzia. Akikuta mnyororo uleule umekatwa mara tatu, na kitendakazi cha kuchuja kimeitwa 'anadaiwa', atakifungua hicho kwanza. Pengine ataona kwamba kinaihesabu karo ya muhula ujao.