Mwindo na joka la ndani ya ordinatere

Wazee walisema: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Methali hiyo ilitujia siku mwipwa wetu alipofika Shasha kutoka Goma na ordinatere ndani ya mfuko, akatuonyesha mchezo unaoitwa Skyrim. «Mujomba, humu unaweza enda kila pahali. Hakuna mutu wa kukukataza.» Tulikaa tukidhani ni mambo ya dakika tano. Betri ilipoisha, sisi ndio tulikuwa tunaomba kuendelea.

Tuanze na uzuri wake. Mchezo huo ulitoka Novemba 2011, kazi ya kampuni ya Kimarekani, Bethesda. Mchezaji anashika nafasi ya mtu mmoja katika nchi ya milima na theluji. Mlima unaouona kwa mbali, unaweza kuupanda. Kuna vitabu vingi vya kufungua na kusoma juu ya historia ya nchi ile. Tena, jambo la kumfurahisha mwalimu: ujuzi unakua kwa kuutumia. Mwenye kufua chuma anakuwa mhunzi, mwenye kupiga upinde anakuwa hodari wa upinde. Ndivyo wazee wetu walivyofundisha.

Lakini dunia ile pana haina kumbukumbu. Unaweza kumwua hata mfalme mkuu, na maisha yanaendelea kama jana, walinzi wakikurudilia maneno yale yale. Ukiua kuku wa kijiji, watu wanakushambulia. Ukiua joka, unavuta roho yake na nguvu zako zinaongezeka. Kuku ana wa kumlilia, joka ni faida tupu!

Hapo tulimkumbuka Mwindo wa majirani zetu Wanyanga wa Walikale. Masimulizi yao ya karisi yanaimbwa na kuchezwa. Mwaka 1956 mzee Shé-Kárisi Rureke alimsimulia Mwindo kwa siku 12, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakayatoa katika kitabu mwaka 1969. Mwindo naye anatembea kila pahali: majini, chini ya ardhi, hadi mbinguni. Naye anaua joka, Kirimu, aliyekuwa amewameza watu wake. Mtu angesema alifanya haki. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba akamchukua Mwindo juu, akateswa huko mwaka mzima na mvua, jua na baridi, kisha akarudishwa na sheria: asiue tena mnyama. Shujaa alirudi mpole, akawa chifu mwema.

Tusiuonee mchezo wa wageni. Ndani yake kuna joka mzee, Paarthurnax, anayekaa mlimani akijutia mabaya yake ya zamani. Kuna watu wanaotaka umwue, nawe una ruhusa ya kukataa. Pale unakaribia hekima ya karisi. Shida ni kwamba ukimwua, hakuna Nkuba wa kukuchukua juu na kukutesa.

Jambo hili si dogo kwetu. Watoto wa hapa hawakujua vita kwa picha tu: Februari 2024 mapigano yalifika Shasha, kwenye barabara ya Sake na Minova. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kusikia kwamba kila anayeua anaulizwa, hata aliye na haki.

Hatusemi tuwanyang'anye vijana mashini. Wakameruni wa Kiro'o Games walitoa mwaka 2016 mchezo wao, Aurion, wenye mashujaa wa Kiafrika na nguvu za mababu. Njia iko. Lakini kabla ya kumwingiza Mwindo ndani ya ordinatere, lazima awe kwanza mdomoni mwetu.

Usiku ule, mashini ikiwa imezima, tulimsimulia mwipwa wetu habari za Kirimu. Alinyamaza, kisha akauliza: «Mujomba, na Nkuba alimusamehe kweli?» Swali kama hilo hakuwa ameuliza mchana kutwa.