Ufagio wa Hifadhidata na Saa Yake

Mtafiti wa lugha ya runinga aghalabu huhesabu saa za video alizokusanya. Ni nadra kuithamini orodha inayomwonyesha video hizo ziko wapi. Mimi huchunguza Kiswahili cha taarifa za habari na tamthilia, na nyumbani Nyeri hutumia MythTV, programu huria iliyoanzishwa na Isaac Richards mwaka 2002. Tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka 2015, tarakilishi yenye kipokezi cha DVB-T2 imetosha kunasa vipindi hivyo.

Programu hii huweka picha na sauti katika faili, na maelezo yake katika hifadhidata: jina la kipindi, muhtasari, na alama za kumwezesha mtazamaji kuruka hadi sehemu aitakayo. Jedwali la alama hukua upesi mno, hivyo halina budi kukarabatiwa na kupangwa upya. Swali ni lini.

Wapo wasemao ni mara tu kipindi kinapokwisha, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Hoja hii ina mashiko, ila inasahau ratiba yetu. Taarifa ya Kiswahili ya saa moja usiku ikiisha, kipindi kingine huifuata papo hapo. Katika majedwali ya MyISAM, ambayo MythTV imeyatumia kwa miaka mingi, upangaji hulifunga jedwali zima hadi kazi iishe. Kipindi kinachorekodiwa wakati huo hukosa pa kuandika alama zake, na huenda kikatoka na mapengo. Umeme nao ukikatika katikati ya ukarabati, kama utokeavyo katika miji ya Mlima Kenya msimu wa mvua, jedwali laweza kuharibika. Faili hubaki na jina la tarakimu tupu, mithili ya kitabu maktabani kilichopotewa na kadi yake.

Rai yangu ni kwamba usafi ufungamanishwe na utulivu wa mashine, si mwisho wa kipindi. Ufanywe mara moja kwa siku, tuseme saa kumi alfajiri, iwapo hakuna kinachorekodiwa wala kinachokaribia kuanza. Nakala ya hifadhidata itangulie. Pakiwa na kazi, usubiri kesho, lakini usiahirishwe hadi usahaulike.

Wanakiswahili tumelalamika sana kwamba fasihi simulizi imepotea kwa kutorekodiwa. Wenzangu wa Karatina, Chuka na Meru mnaokusanya data vivyo hivyo, tukumbuke kwamba hata iliyorekodiwa hupotea kwa kukosa mpangilio.