Independence, Missouri: Safari katika Mji wa Medicare

Msafiri anayetoka Kansas City kuelekea mashariki hufika Independence, mji wa Missouri wenye wakazi wapatao 123,000, ambako tarehe 30 Julai 1965, ndani ya maktaba ya Rais mstaafu Harry Truman, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kuu kwa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Truman, aliyependekeza bima ya afya ya taifa zima mwaka 1945 na kushindwa, aliandikishwa kuwa mwanachama wa kwanza akiwa na miaka 81, na mkewe Bess akawa wa pili.

Kusini mwa maktaba, katika mtaa wa North Delaware, ipo nyumba yao ya mbao, ambamo Truman aliishi hadi mwaka wa kifo chake, 1972, naye Bess akabaki humo hadi alipofariki mwaka 1982 akiwa na miaka 97. Kuzeekea nyumbani namna hiyo kunahitaji msaidizi pale nguvu zinapopungua, na asiyempata huhamia ama makazi ya usaidizi, ambako mzee ana chumba chake na husaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa, ama nyumba ya uuguzi, ambako wauguzi huwapo usiku na mchana.

Hapo ndipo pengo la sheria ile linapoonekana, kwa kuwa Medicare hugharamia uuguzi wa kitaalamu baada ya kulazwa hospitalini, tena kwa siku zisizozidi 100 katika kipindi kimoja cha ugonjwa, lakini hailipi kodi ya makazi ya usaidizi wala huduma ya mtu ambaye haja yake ni kuogeshwa na kulishwa tu. Mzigo wa huduma hiyo huchukuliwa kwa sehemu kubwa na Medicaid, mpango wa watu wenye kipato kidogo ulioanzishwa kwa saini hiyohiyo, ambao mzee mwenye akiba hawezi kuufikia mpaka atumie sehemu kubwa ya alichojiwekea maishani.

Sheria ya 1965 iliwaokoa wazee wengi na madeni ya hospitali, na kwa hilo inastahili heshima. Lakini uzee si ugonjwa wa siku 100, na taifa lililokubali kumtibu mzee lina wajibu pia wa kumtunza pasipo kumfukarisha kwanza.